Nusu lita ya oili ndiyo uhai wa mashine yako ya kukata nyasi

Mvua zikinyesha, nyasi hazingoji. Wiki chache tu baadaye, uwanja wa shule, ua wa zahanati na kando za barabara huwa zimejaa nyasi za kufika magotini. Hapo ndipo mlio wa mashine za kukata nyasi husikika kila pembe ya Kaunti ya Taita Taveta, kuanzia Voi na Mwatate hadi Wundanyi na Taveta. Kwa baadhi ya wakazi, mashine hii ni ya kupumzisha panga nyumbani. Kwa vikundi vingi vya vijana na akina mama, mashine hii ndiyo kazi yenyewe. Sheria za ununuzi wa umma zimetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na usafi wa viwanja ni miongoni mwa kazi ambazo kikundi kidogo kinaweza kuanza nazo kikiwa na mtaji mdogo.

Lakini msimu huo huo ndio mashine hurundikana katika vibanda vya jua kali. Tulipomtembelea fundi mmoja wa injini ndogo mjini Voi, tulikuta injini tatu zikiwa zimefunguliwa juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa imenoki: konrodi ilikatika na kutoboa ukuta wa injini. Ya pili ilikuwa na masizi mazito kama uji mweusi mahali ambapo oili ilipaswa kuwa. Ya tatu, mashine ya kufyeka ya kubebwa begani, pistoni yake ilikuwa imekwaruzwa na kukwama ndani ya silinda. Hakuna iliyokuwa kuukuu. Zote tatu ziliharibiwa na jambo moja, nalo ni oili: ya kwanza ilipungukiwa, ya pili haikubadilishwa, na ya tatu ilitiwa petroli tupu isiyochanganywa na oili.

Kikundi kilichomiliki ile ya kwanza kilikuwa katikati ya kazi ya kufyeka uwanja. Kililazimika kukodi mashine ya mtu mwingine ili kumaliza, na malipo yaliyobaki hayakutosha hata kugawana. Hasara kama hiyo inaweza kuepukika kwa dakika mbili kila asubuhi. Makala haya yanaeleza namna.

Oili inafanya kazi gani?

Injini ya mashine ya kukata nyasi ni ndogo, lakini inachapa kazi kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa katika kasi yake ya kazi, nyingi huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde. Kila mzunguko, pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, chuma kikipita karibu kabisa na chuma. Kinachozuia vyuma hivyo kusagana ni utando mwembamba wa oili.

Oili pia hubeba joto kutoka sehemu za ndani, huziba mwanya mdogo kati ya ringi na silinda ili nguvu isivuje, na hushikilia masizi na chembe za chuma zisitulie mahali pabaya. Ndiyo maana oili hubadilika rangi kuwa nyeusi. Weusi huo ni uchafu ambao oili imeubeba kwa niaba ya injini, nayo haiwezi kuubeba bila kikomo.

Kuna tofauti kubwa kati ya injini hii na ya gari. Gari hubeba lita kadhaa za oili, lina pampu ya kuisambaza na chujio la kuisafisha. Injini nyingi za kukata nyasi hubeba takriban nusu lita tu, na hazina pampu wala chujio. Ndani yake kuna kijiko kidogo au gurudumu la meno linaloichota oili iliyo chini na kuirusha juu ya vyuma vinavyozunguka. Oili ikishuka chini ya kiwango, kijiko hicho huchota hewa. Pia hakuna taa nyekundu ya kukuonya kama iliyo kwenye gari. Baadhi ya pampu za maji na jenereta huwa na swichi ya kuzima injini oili inapopungua, lakini mashine nyingi za kukata nyasi hazina. Onyo la kwanza huwa ni mlio wa kugonga, na wakati huo mara nyingi umechelewa.

Kwanza, jua injini yako ni ya aina gani

Injini ndogo za petroli ni za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoua mashine nyingi.

Aina ya kwanza ina oili yake peke yake, ndani ya tumbo la injini, na petroli yake peke yake kwenye tangi. Mafundi huiita fostroki. Mashine nyingi za kusukuma zenye magurudumu ni za aina hii, na vivyo hivyo pampu nyingi za maji zinazotumiwa na wakulima wa Taveta kumwagilia ndizi na nyanya. Utaitambua kwa kuwa ina vifuniko viwili: cha petroli juu ya tangi, na kingine chini pembeni mwa injini, chenye kijiti cha kupimia oili.

Aina ya pili, ambayo mafundi huiita tustroki, haina mahali pa kuweka oili. Oili yake huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa kwenye tangi. Mashine nyingi za kufyeka za begani na misumeno ya miti ni za aina hii. Kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, mashine hizi zinaweza kuinamishwa upande wowote zikifanya kazi. Lakini ukitia petroli tupu, injini itazunguka bila tone la oili, na pistoni itakwama baada ya muda mfupi sana.

Kipimo cha kuchanganya huandikwa kwenye tangi au kwenye kitabu cha mashine. Ikiwa imeandikwa 50 kwa 1, kila lita moja ya petroli inahitaji mililita 20 za oili, na lita tano zinahitaji mililita 100. Ikiwa ni 25 kwa 1, lita moja inahitaji mililita 40, na lita tano mililita 200. Tumia oili iliyotengenezwa mahususi kwa tustroki, si ile ya gari wala ya fostroki. Usipime kwa macho. Chupa ya dawa ya watoto yenye alama za mililita, ikishaoshwa na kutengwa kwa kazi hiyo tu, inatosha. Usichanganye mafuta ya kukaa zaidi ya mwezi mmoja.

Tahadhari: baadhi ya mashine za begani ni fostroki. Usikisie kwa umbo. Angalia kama kuna kifuniko cha pili cha oili.

Pima oili kabla ya kuwasha, kila siku

Sehemu iliyobaki ya makala haya inahusu fostroki, yenye oili ndani ya injini.

Kabla ya kuvuta kamba asubuhi, weka mashine mahali tambarare. Injini iwe imezimwa, na ikiwa ilikuwa ikifanya kazi, subiri kama dakika kumi ili oili ishuke chini. Pangusa sehemu inayozunguka kifuniko ili vumbi lisiingie. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi. Mashine nyingine husomwa kijiti kikiwa kimekazwa hadi mwisho, na nyingine kikiwa kimedumbukizwa tu bila kukazwa. Ukikosea, utaona oili imejaa kumbe imepungua, au kinyume chake. Kitabu cha mashine kinaeleza. Ikiwa kimepotea, muulize aliyekuuzia au fundi anayeifahamu injini hiyo.

Ikipungua, ongeza kidogo kidogo ukipima. Usipitishe alama ya juu. Oili ikizidi, hupanda hadi kwenye silinda na chujio la hewa, injini ikatoa moshi mweupe au wa samawati na kukosa nguvu.

Kwa mashine mpya, usiiwashe dukani wala nyumbani kabla ya kupima. Mashine nyingi husafirishwa bila oili ndani. Wapo walionunua mashine leo na kuiua leo.

Wakazi wa milimani wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mashine ikiinama, oili yote hukimbilia upande mmoja na kijiko kikakosa cha kuchota. Vitabu vingi vya mashine za kusukuma vinakataza kukata kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, kwa usalama wa mtu na wa injini pia. Kwenye kingo kali za Wundanyi au Mgange, tumia mashine ya begani au panga.

Oili ibadilishwe baada ya muda gani?

Mashine mpya ibadilishwe oili mapema, kwa sababu vyuma vipya hutoa chembe nyingi vinapozoeana. Kwa mashine nyingi za kukata nyasi, mabadiliko ya kwanza ni baada ya saa tano za kazi. Baada ya hapo, watengenezaji wengi hushauri kila baada ya saa 50, au angalau mara moja kwa mwaka. Panapokuwa na joto kali, vumbi au kazi nzito, muda huo hupunguzwa hadi saa 25.

Hapa ndipo vikundi vingi hujikwaa. Ushauri wa mara moja kwa mwaka unamfaa mtu anayekata nyasi za nyumbani kwake, nusu saa kila baada ya wiki mbili. Tufanye hesabu ya kikundi chenye kandarasi. Kikifanya kazi saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, hizo ni saa 25. Saa 50 zinatimia baada ya wiki mbili tu. Na ikiwa kazi yenyewe iko Voi au Mwatate, ambako jua ni kali na lile vumbi jekundu linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo huingia kila mahali, basi oili yafaa kubadilishwa kila wiki. Anayengoja mwisho wa mwaka atakuwa amepita kiasi hicho mara kumi au zaidi.

Mashine hizi kwa kawaida hazina saa ya kuhesabu kazi. Kinachohitajika ni daftari la mazoezi. Andika tarehe, saa mashine ilizofanya kazi, oili iliyoongezwa na siku ilipobadilishwa. Kikundi kikimpa mtu mmoja jukumu hilo, hakuna atakayesema alidhani mwenzake amepima.

Angalia pia chujio la hewa. Likitoboka au likiachwa wazi, vumbi huingia kwenye silinda, likachanganyika na oili na kuigeuza kuwa kama msasa. Oili nzuri haiwezi kuokoa injini inayovuta mchanga.

Oili ipi inafaa?

Kwenye kopo utaona herufi SAE na namba. Namba hiyo huonyesha uzito wa oili. Kwa injini nyingi za kukata nyasi katika maeneo ya joto, SAE 30 ndiyo inayopendekezwa. Oili ya 10W-30 hutiririka kwa urahisi zaidi injini ikiwa baridi, hivyo inawafaa wanaowasha mashine katika asubuhi za ukungu wa Milima ya Taita. Joto likipita nyuzi 27, oili hiyo inaweza kuisha haraka zaidi, kwa hiyo ukiitumia kule chini, pima mara nyingi. Neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yako.

Nunua oili iliyo kwenye kopo lililofungwa, lenye alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kuthibitisha alama hiyo kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya reli na nambari ya kibali kwenda 20023. Epuka oili inayopimwa kutoka kwenye mtungi usiojulikana. Na usitie kamwe oili iliyotolewa kwenye gari au bodaboda, hata ikiwa imechujwa kwa kitambaa. Kitambaa huzuia takataka unazoziona, lakini chembe za chuma na masizi hupita.

Jinsi ya kubadilisha, hatua kwa hatua

1. Washa injini kwa dakika chache ipate joto kiasi. Oili yenye uvuguvugu hutoka haraka na hubeba uchafu mwingi. Fanya hivyo nje, kamwe si ndani ya stoo, kwa kuwa moshi wa petroli una gesi ya sumu isiyoonekana wala kunusika.

2. Zima injini. Chomoa waya wa plagi na uuweke mbali, ili injini isiwake kwa bahati mbaya mikono yako ikiwa karibu na kisu.

3. Vaa glavu. Weka beseni kuukuu chini ya injini.

4. Fungua boliti ya kumwagia oili iliyo chini. Ikiwa mashine yako haina, utaimwaga kwa kuiinamisha kupitia tundu la kutilia. Tangi la petroli liwe karibu tupu, na mashine ilazwe kwa namna ambayo chujio la hewa na kabureta vinabaki upande wa juu. Ukiilaza vibaya, oili itaingia kwenye chujio na mashine itakataa kuwaka.

5. Acha itiririke hadi tone la mwisho. Itazame. Weusi ni kawaida. Rangi ya maziwa ni dalili kuwa maji yameingia. Harufu kali ya petroli inaonyesha kuwa kabureta inavuja. Vimulimuli vya chuma vinaonyesha kuwa sehemu za ndani zinalika. Kwa hali hizi tatu, mwone fundi kabla ya kuendelea.

6. Rudisha boliti na washa yake, uikaze vizuri bila kuipasua. Tia oili mpya polepole. Anza na kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa kitabuni, pima, kisha jaziliza.

7. Rudisha waya wa plagi, washa kwa dakika moja, zima, subiri oili itulie, kisha pima tena na uangalie kama kuna mvujo.

Kazi yote haizidi nusu saa. Ukiwa katikati ya kazi na ukasikia injini ikigonga au ukaona inapoteza nguvu na kutoa joto lisilo la kawaida, izime papo hapo. Usijaribu kumalizia kipande kilichobaki. Injini iliyozimwa mapema mara nyingi hutengenezeka.

Oili chafu usiimwage

Baada ya kubadilisha, utabaki na nusu lita ya oili chafu. Wengi huimwaga nyuma ya nyumba au kwenye mtaro. Wengine huipaka nguzo za ua ili kuzuia mchwa. Njia zote mbili huipeleka ardhini. Oili iliyotumika ina metali na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na haiozi upesi. Kanuni za kitaifa za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu miongoni mwa taka hatari, na anayeisafirisha kama biashara anahitaji leseni ya NEMA.

Kwa kaunti yetu hili ni jambo la karibu. Familia nyingi za milimani huteka maji kwenye chemchemi na vijito vilivyo chini ya mashamba na makazi. Kule Tsavo Magharibi, Chemchemi za Mzima hupata maji yake kutokana na mvua inayozama kwenye miamba ya volkeno ya Vilima vya Chyulu, yakasafiri chini ya ardhi kabla ya kuibuka, na sehemu yake hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Kinachozama ardhini mahali pamoja huibuka kwingine, na mara nyingi huibukia ndani ya mtungi wa mtu.

Kwa hiyo imimine oili chafu kwenye mtungi wenye kifuniko, uuandike wazi, na uuweke mbali na watoto. Usitumie chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, maana mtoto hatajua tofauti. Usiichanganye na maji wala petroli. Mtungi ukijaa, upeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu kwa ajili ya wachukuzi wenye leseni. Usipojua gereji hiyo iko wapi, ulizia kwa msimamizi wa wadi yako au katika ofisi ya mazingira ya kaunti.

Kumbuka

• Pima oili kila siku kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare.
• Mashine mpya: pima kabla ya kuwasha mara ya kwanza, na ubadilishe oili baada ya saa tano.
• Badilisha kila saa 50, au kila saa 25 penye joto, vumbi au kazi nzito.
• Mashine ya kuchanganya oili na petroli isitiwe petroli tupu hata mara moja.
• Andika saa za kazi kwenye daftari, na mtu mmoja awajibike.
• Oili chafu iende kwenye mtungi, kisha gereji. Isimwagwe ardhini.

Kikundi kinachoanza msimu kwa kopo moja la oili na daftari kina nafasi kubwa ya kuumaliza kikiwa na mashine ile ile. Kabla ya kuvuta kamba kesho asubuhi, chomoa kijiti uangalie.